Pedi za kufua: namna ya kuzishona, kuzifua na kuzikausha mpaka zikufae kweli

Ukitaka kujua pedi za kutupa huwa zinaishia wapi waulize vijana wanaotapisha vyoo huku uswahilini. Wanazijua kuliko sisi tunaozinunua, maana gari la kunyonya likija mpira unavuta dakika chache alafu unaziba, wanaanza kuvua kwa ndoano na miti, na kinachotoka ni pedi, pampasi, nywele bandia na matambara. Dar hii wengi wetu hatujaunganishwa na bomba la majitaka, tuna shimo au septiki, na shimo likishajaa pedi halinyonyeki tena vizuri, mwenye nyumba anaambiwa achimbe lingine wakati kiwanja chenyewe kimeshaisha, kila kona kuna chumba cha mpangaji. Na ile pedi haijatulia mle ndani jamani. Katikati yake kuna punje ndogo ndogo kama chumvi ambazo zikikutana na maji zinageuka jeli, ndo zinazokufanya ujisikie mkavu, sasa zikiwa chooni zinaendelea kunywa tu, pedi iliyokuwa nyembamba kama leso inavimba inakuwa mto.

Kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui, pedi ya kawaida ya dukani sio pamba. Ule uso wa juu unaogusa mwili mara nyingi ni plastiki ya polipropilini iliyofumwa ikaonekana kama kitambaa, katikati ni nyuzi za miti zilizosagwa pamoja na zile punje, chini ni plastiki nyingine ya polithini isiyopitisha maji, hapo bado gundi, bado kikaratasi cha kubandua, bado kafuko kake. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania tuliacha mifuko ya rambo, Kenya walitangulia Agosti 2017, na kwakweli mitaro ilipungua uchafu kila mtu aliona, lakini plastiki ya kwenye pedi ipo palepale na haisemwi kwa sababu ni jambo la aibu, inafungwa kwenye gazeti inatupwa usiku. Ikifika dampo kama la Pugu Kinyamwezi inakaa pale miaka na miaka. Ukiichoma nyuma ya nyumba, moto wa jalala ni mdogo, inaungua nusu, moshi wake mchafu wanaovuta ni watoto wanaocheza hapo hapo.

Piga hesabu mwenyewe. Pedi nne kwa siku, siku tano, hiyo ni 20 kwa mwezi na 240 kwa mwaka. Binti akianza na miaka 13 mpaka afike 50 anakuwa amepita kwenye pedi zaidi ya 8,000, toa miezi ya mimba na ya kunyonyesha bado ni maelfu. Kwa mtu mmoja. Mfukoni nako ni hivyo hivyo, pakiti mbili kwa mwezi, tuseme 2,500 kila moja, mwaka ni 60,000, na kwenye nyumba yenye mama na mabinti watatu hiyo ni ada. Watu tulitegemea nafuu mwaka 2018 serikali ilipoondoa VAT kwenye taulo za kike, mwaka uliofuata ikarudishwa kwa maelezo kwamba bei madukani hazikushuka. Kwahiyo mi naona nafuu ya uhakika ni ile unayoishona.

Simsemi mtu anayetumia pedi za kutupa, kuna sehemu na siku ambazo hizo ndo zinafaa na ntazitaja huko chini. Ninachotaka ni yule anayependa kubadili abadili kwa mpango, kwa sababu wengi wanaonunua pedi za kufua wanaziacha mwezi wa pili au wa tatu, na sababu huwa ile ile, hawakupata pa kuzikaushia.

Kabla hujakata kitambaa

Fikiria kamba kwanza. Zunguka nyumba yako saa nne asubuhi uone jua linapiga wapi, dirisha gani, ukuta gani, kama una upenu au kibaraza, kama uani ni kwenu peke yenu au mnachangia wapangaji wote kamba moja. Ukishajua utaanika wapi bila roho kukudunda, endelea. Ukiona hamna kabisa sehemu yenye jua wala upepo, soma kwenye kikombe cha hedhi huko mbele, pengine ndo njia yako.

Pili maji. Ukifua kwa utaratibu ndoo moja ya lita 20 inatosha pedi za siku nzima, ila kama maji mnanunua kwa dumu na yanagombaniwa na chai na kuoga, ujue hilo mapema.

Kitambaa. Unahitaji aina tatu. Cha juu kinachogusa mwili kiwe pamba tupu, mashuka ya mitumba ni mazuri sana kwa kazi hii kwa sababu yameshafuliwa mpaka yamelainika, tisheti za pamba pia, au ile flana wanayoshonea nguo za vichanga. Cha katikati kinachonyonya, taulo kuukuu la pamba linashinda vyote, tabaka mbili za mchana na tatu za usiku, au flana tabaka nne. Cha chini ni cha kuzuia isipenye, wenye uwezo wananunua PUL, kile kitambaa laini chenye utando wa plastiki upande mmoja kinachotumika kwenye nepi za kisasa za kufua, na asiye na uwezo achukue kile kitambaa cha joto cha majaketi mepesi ya mitumba, yale yanayoota vipele vya manyoya ukivaa sana. Hakizuii kama PUL lakini kinapumua zaidi, na kwa joto letu la Dar hiyo ni faida. Mpira mgumu kama wa kitanda cha kujifungulia au nailoni ya mfuko usiweke, mwili utachemka utapata vipele na muwasho.

Mitumbani wauzaji kila kitu wanakwambia pamba, kwahiyo chomoa uzi mmoja uuwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha majivu laini ukiyagusa yanapotea. Ukiona uzi unajikunja unayeyuka na mwishoni unaacha kipira kigumu cheusi, hiyo ni poliesta au imechanganywa, achana nayo kwa tabaka la juu na la katikati. Kitenge kipya nacho kinadanganya watu kwa uzuri wake, dondoshea tone la maji uone, linateleza kama kwenye jani la mgomba kwa sababu ya ile dawa ya kiwandani, kifue maji ya moto na sabuni mara mbili tatu mpaka tone linazama papo hapo. Na kila kitambaa cha pamba kifue kabla ya kukata maana kitaruka baadae na pedi itajikunja.

Rangi, najua wengi mnapenda nyeusi au damu ya mzee ili doa lisionekane. Mi nashauri upande wa juu uwe rangi ya mwanga, cream, pinki, bluu ya anga, sababu ukiwa unafua unataka kuona damu imeisha au bado. Nyeusi inakuficha hilo. Maua maua weka chini.

Kushona

Chora paterni kwenye boksi gumu ulikate, litakutumikia miaka. Ya mchana urefu sentimita 25, katikati mwili wa pedi upana 6 na nusu mpaka 7, mabawa yatoke kila upande kama sentimita 6, na kuzunguka kote uongeze sentimita 1 ya mshono. Ya usiku urefu 30 au 32, na upande wa nyuma upanuke mpaka kama 10 kwa sababu ukilala chali damu inakimbilia huko. Kiini, yani zile tabaka za taulo, kikate chembamba kuliko pedi, kama 22 kwa 6 kwa ya mchana, kisiingie kwenye mabawa.

Sasa hapa ndo kuna siri ambayo fundi asiyewahi kushona pedi atakosea. Kiini kishone kwenye kitambaa cha juu PEKE YAKE, zungusha zigizaga pembeni na mstari mmoja au miwili katikati kikae vizuri, ndo uje uweke kitambaa cha chini. Ukishona mistari ya katikati ikapita mpaka kwenye PUL umetoboa matundu mstari mzima na damu itafuata uzi itoke hapo hapo, utasema pedi mbovu kumbe sindano. Na pini za kushikizia usichome katikati, tumia vibanio vya nguo kushika vitambaa pembeni, au choma pini kwenye ile sentimita ya mshono tu. Sindano iwe nyembamba, namba 11 inatosha.

Ukishamaliza kiini, laza kitambaa cha juu na cha chini nyuso nzuri ziangaliane, kiini kiwe nje, shona kuzunguka kote acha mlango kama sentimita 5 kwenye upande ulionyooka, sio kwenye kona ya bawa. Kata vijikato vidogo kwenye zile kona za mduara bila kugusa mshono, geuza kupitia mlango, sukuma kona kwa nyuma ya penseli, alafu piga mshono wa juu kuzunguka pedi nzima karibu na ukingo, huo unafunga na mlango kwa wakati mmoja. Kwenye mabawa weka kifungo cha kubonyeza, cha chuma au plastiki, na chini yake ndani uwe umeweka kipande kidogo cha kitambaa kigumu la sivyo kitang'oka na tundu juu. Huna vifungo vya kubonyeza? kifungo cha kawaida cha shati na tundu lake kinafanya kazi, ila kiwe bapa, maana utakikalia.

Huna cherehani, shona kwa mkono, mshono wa kurudi nyuma hatua fupi fupi, filamu mbili za Kihindi unakuwa na pedi. Unaona haya kumpelekea fundi mwanaume, mtafute mama anayeshona sare za shule mtaani kwenu, mwonyeshe paterni, mwambie na ile habari ya kiini.

Kabla ya kuiamini ijaribu. Mwagia vijiko viwili vya maji taratibu katikati, iweke juu ya kitambaa kikavu, ikalie robo saa huku unafanya mambo yako. Inuka, angalia kitambaa cha chini. Kikiwa kikavu iko vizuri, kikiwa na unyevu ongeza tabaka la taulo kwenye zinazofuata na hiyo iweke kwa siku za mwisho.

Nane zinatosha kuanzia, sita za mchana na mbili za usiku, na masika ongeza mbili zingine. Hutaki kushona kabisa, zipo za kununua, Uganda kuna AFRIpads wanaozitengeneza tangu 2010 na huku kwetu kuna vikundi vya akina mama mikoani vinashona, ukinunua geuza uangalie mshono wa katikati umetokea chini au la, ushajua kwanini.

Kuvaa

Vaa na chupi inayobana vizuri, ikiwa mpira umelegea pedi inatembea. Upande wa pamba juu, mabawa yazunguke chupi, bonyeza. Badilisha kila baada ya saa 4 mpaka 6 hata kama haijajaa, siku ya pili ambayo kwa wengi ndo nzito badilisha mapema zaidi. Wapo wanaoogopa kwamba kitambaa hakiwezi kubeba, basi wajue kawaida damu ya hedhi ya siku zote ukijumlisha ni kama mililita 30 mpaka 40, yani vijiko viwili vitatu vya chakula, ikipita 80 hiyo ni nyingi. Kama unalowanisha pedi kila saa, au yanatoka mabonge makubwa, au unaona kizunguzungu na kuchoka kila mwezi, dada yangu hilo sio la kubadili pedi, nenda kituo cha afya wakupime na wingi wa damu pia.

Anza nyumbani. Mwezi wa kwanza ivae usiku na siku za mwisho, mwezi wa pili ongeza Jumamosi na Jumapili, ukishaijua ndo uende nayo kazini. Ukiwa nje beba mfuko wenye zipu usiopitisha maji, ile chafu ikunje kuelekea ndani, bawa kwa bawa, bonyeza kifungo inakuwa kama pochi, weka kwenye mfuko, ikifika nyumbani inafuliwa siku hiyo hiyo.

Kuhusu wanafunzi naomba mnisikilize wazazi. Shule kama haina maji wala mlango wa choo unaofunga, usimlazimishe binti abadilishe pedi ya kufua pale. Mpe za kutupa kwa masaa ya shule, akirudi nyumbani na usiku avae za kufua, hapo tayari umepunguza zaidi ya nusu na mtoto hajadhalilika.

Kufua

Maji ya baridi. Hili halina mjadala, maji ya moto yanapika damu kwenye kitambaa kama unavyopika yai, doa halitoki tena. Weka pedi kwenye maji ya baridi mara tu unapoivua kama uko nyumbani, tia na kijiko cha chumvi ukitaka, iache nusu saa mpaka saa moja. Usiilaze kwenye maji kutwa nzima, inaanza kunuka na harufu ikishaingia kwenye taulo kuitoa ni shughuli. Alafu mwaga yale maji ya kwanza chooni au kwenye shina la mgomba, weka mengine, ibonyeze bonyeze kwa kiganja, mwaga, rudia, mpaka maji yatoke meupe, ndo sasa upake sabuni ya mche upande wa pamba na upande wa chini, sugua kitambaa kwa kitambaa taratibu, suuza mpaka utelezi wa sabuni uishe. Hiyo suuza ya mwisho watu wanaifupisha, na sabuni inayobaki ndo inayowasha ukivaa. Usiikamue kwa kuisokota, ile PUL inapasuka utando, ikunje ibonyeze kati ya viganja, au izungushie taulo kavu uikandamize.

Ile dawa ya kulainisha nguo inayonukia usitie, inapaka nyuzi mafuta pedi inaacha kunyonya. Jiki nayo kila mara inakula kitambaa na utando. Doa sugu lipake sabuni, lilaze juani likiwa bado na unyevu, jua lenyewe linalififisha. Doa lililobaki kwenye pedi iliyofuliwa vizuri sio uchafu, ni rangi tu.

Ndoo yake iwe yake. Ndoo ndogo yenye mfuniko inatunza na siri.

Kuanika, hapa ndo penyewe

Pedi ikauke kabisa kabisa, juani. Jua linakausha mpaka ndani ya taulo na miale yake inaua vijidudu, kitu ambacho feni haiwezi. Pedi iliyokaukia chini ya godoro, ndani ya begi, nyuma ya kabati au kwenye chupi kwenye giza inabaki na ubaridi katikati, na ubaridi huo ukiuvaa masaa sita ndo fangasi na muwasho, alafu lawama zinaenda kwa pedi za kufua. Jinsi ya kujua, ishike katikati kwenye kiini uibonyeze kwenye shavu. Shavu linasikia ubaridi ambao vidole havisikii. Ikiwa na ubaridi irudishe.

Sasa aibu. Najua. Mtaa mzima unapita hapo, wapangaji wenzio wana midomo, kuna shemeji, kuna watoto wa kiume, na wapo wanaoogopa mtu asije akaichukua kwa mambo yake ya giza, sitaki kumcheka mtu kwa hilo kwa sababu ndo linalowafanya mabinti wafiche pedi mbichi kwenye begi. Fanya hivi. Tumia henga moja yenye vibanio, bana pedi zote nane hapo, ining'inize kwenye dirisha lenye jua kwa ndani, chumbani kwako, nondo za dirisha zinashika vizuri tu. Kama lazima uani, bana pedi kwenye kamba alafu juu yake tandaza kanga nyepesi, ile iliyochakaa ambayo ukiiinua unaona mwanga, jua linapita na upepo unapita kwa chini, ikifika saa saba geuza. Usiweke kitenge kizito wala shuka lililokunjwa mara mbili, hapo umeweka giza tu. Na kaa karibu, anika muda unachambua mchele au unamsuka mtu, kwa jua letu pedi ya PUL inachukua kutwa, ya kitambaa cha jaketi inawahi zaidi.

Njia nyingine nzuri ni kuzishona zisifanane na pedi. Ya kitenge cha maua yenye kifungo ikiwa imefungwa inaonekana leso ya mtoto. Wengine wanashona kwa mtindo wa kitambaa cha mraba kinachokunjwa mara tatu na kuwekwa juu ya kibebeo, yani kipande chenye mabawa kinachofungwa kwenye chupi, ukianika ni kitambaa tu kama cha jikoni, na kinakauka haraka mara mbili kwa sababu tabaka zimefunguka. Kwa nyumba za kupanga naupenda huu mtindo kuliko wote.

Masika ambapo jua linapotea siku tatu, kausha kwa upepo ndani kadri inavyowezekana alafu pitisha pasi ya moto upande wa pamba mpaka mvuke uishe. Upande wa PUL usiguse na pasi, utayeyuka ushike kwenye bati. Na hapo ndo zile mbili za ziada zinakuokoa.

Baba mwenye mabinti, ukiwa unasoma hii, funga kamba fupi kwenye dirisha la chumba cha watoto au jenga kauzio ka makuti uani kenye jua. Huna haja ya kuongea lolote. Wataelewa ni ya nini na watakushukuru kimoyomoyo.

Zikikauka zikunje, ziweke kwenye mfuko wa kitambaa wa pamba unaopumua, mbali na unyevu.

Kikombe cha hedhi

Kwa asiye na kamba na mwenye shida ya maji, kikombe kinamfaa kuliko pedi. Ni kikombe laini cha silikoni ya hospitali kinachoingia ndani ya uke na kukusanya damu badala ya kuinyonya, kimoja kikitunzwa kinadumu mpaka miaka 10. Sio kitu cha jana, Leona Chalmers wa Marekani alipewa hati miliki ya kikombe cha mpira mwaka 1937. Na wenzetu wa Siaya kule Kenya walishajaribu na wasichana wa shule za vijijini, utafiti wake ukachapishwa 2016, wasichana walichukua miezi kukizoea lakini matumizi yaliongezeka kadri muda unavyoenda, na waliotumia kikombe walikuwa na maambukizi ukeni kidogo kuliko waliobaki na njia zao za kawaida. Mwaka 2019 jarida la Lancet Public Health likakusanya tafiti 43, karibu wanawake saba kati ya kumi walisema wataendelea nacho. Kwahiyo ukikishindwa mwezi wa kwanza usikitupe, ni kawaida, wape mwili na mikono yako miezi mitatu.

Chemsha kabla ya kutumia mara ya kwanza na kila mwezi kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, dakika 5 mpaka 10, maji mengi, sufuria au kopo lake lenyewe, na usiondoke jikoni, maji yakikauka kikombe kinaungua chini. Nawa mikono kwa sabuni. Bonyeza ukingo mmoja wa mdomo ushuke ndani kwa kidole, au kibane kikunjike kama herufi C, chuchumaa, vuta pumzi ulegee, kiingize kikiwa na maji kidogo kiteleze, kielekeze nyuma kuelekea kiuno na sio juu moja kwa moja, kiachie kifunguke. Zungusha kidole kwenye ukingo wake uhisi kama kimefunguka mduara wote, sehemu iliyobaki imekunjika ndo itakayovuja. Kutoa, kamwe usivute mkia peke yake, bana kitako chake kwanza hewa iingie, utasikia kimeachia, kishushe taratibu kikiwa kimesimama wima, mwaga, suuza kwa maji safi, rudisha. Kinakaa mpaka masaa 12, usipitishe, kuna ugonjwa wa sumu ya bakteria ambao ni nadra sana lakini ni hatari, ukipata homa ya ghafla, vipele na kizunguzungu ukiwa umevaa kikombe kitoe uende hospitali.

Mwenye kitanzi cha uzazi wa mpango aongee na mtoa huduma kwanza kwa sababu kikombe kinaweza kuvuta uzi wake kikakitoa, na ndo sababu nyingine ya kubana kitako kabla ya kuvuta. Kuhusu bikira, kile kingozi kinaweza kunyooshwa na kikombe, wazazi wanaolijali hilo wana haki ya kujua kabla, na binti asiyetaka kuingiza kitu ndani asilazimishwe, pedi za kufua zipo. Kikombe hakiazimwi, hata dada na dada.

Chupi za hedhi nazo zipo, zimeshonewa tabaka za kunyonya humo humo, ni nzuri kulalia, ila bei juu na tabaka zimekaa pamoja zinachelewa kukauka, kwa masika yetu mi nazipa namba tatu.

Zikichakaa

Pedi ya kufua iliyotunzwa inakwenda miaka miwili mitatu. Dalili za kuchoka ni kunuka hata baada ya jua, kuvuja wakati zamani haikuvuja, au utando wa chini kuanza kumenyuka kama ngozi iliyoungua. Hapo usiitupie chooni, utakuwa umerudi kule kule kwenye ndoano za wale vijana. Fumua kwa wembe ule mshono wa juu, chomoa vifungo uvitumie kwenye mpya, pamba na taulo vikate vipande uvifukie shambani au kwenye shimo la mboji, vinaoza, ila ondoa uzi wa nailoni kama ulitumia. Kinachobaki ni kile kipande cha PUL au cha jaketi, ambacho ukitoa vifungo na uzi ndo plastiki pekee uliyonayo kwa miaka yote hiyo, nacho kama utando bado mzima sehemu kubwa kata ushonee kimfuko cha kubebea pedi za binti anayefuata.